Tumbo la Cheni

Ukifika Lurambi ukauliza fundi wa baiskeli, utaelekezwa kwa watu wanne au watano. Ukiuliza Jicho, utaelekezwa kwa mmoja tu, na huyo anayekuelekeza atacheka kidogo, kwa sababu hakuna asiyekuwa na kisa chake cha Jicho. Jina lake la ubatizo ni Lazarus Osundwa, lakini hilo lilibaki kanisani na kwenye kitambulisho. Watu walimwita Jicho kwa mtindo wake wa kazi. Mafundi wengine wakitaka kujua kama gia ya mbele na gia ya nyuma zimetazamana sawasawa, hutoa rula, au hufunga uzi kutoka huku mpaka kule. Osundwa hakuwa na habari na mambo hayo. Alipiga magoti nyuma ya baiskeli, akafumba jicho la kushoto, akatazama kando ya cheni kwa jicho la kulia, kisha akasema ongeza washa moja, kile kipete chembamba cha chuma, hapo mbele, au toa moja. Ukiongeza, ukitoa, cheni inakaa. Wakata miwa wa Musanda walimletea baiskeli zao wakipita mafundi wengine sita njiani, na wakirudi walibeba magunia mawili ya mahindi mpaka nyumbani na cheni haikutoka.

Mdomo nao alikuwa nao, tena mrefu. Fundi akipita na uzi wake mfukoni, Osundwa alimuuliza kama siku hizi ameingilia ushonaji. Uzi ni wa vipofu, alisema, na wateja wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Alisema hivyo miaka thelathini na mtu asimchoke.

Sasa, huyu mzee alikuwa na mwana mmoja wa kiume, Griffin. Mwaka juzi trela la miwa lilipinduka kwenye kona, Griffin akiwa juu ya mzigo, na hayo mengine sina haja ya kuyasimulia. Osundwa alimpenda huyo mwana kupita kiasi, na hakuwahi kumwambia hata mara moja, kwa sababu alidhani mambo kama hayo yanajulikana tu. Griffin aliacha mke, Maurine, na binti mmoja, Mitchel, ambaye sasa ana miaka tisa na paji la uso la baba yake, lile pana lenye ukaidi. Aliacha pia fremu ya baiskeli.

Fremu hiyo ilikuwa ya baiskeli ya mlima ya mtoto, nyekundu, ya alumini, nyepesi hata ungeibeba kwa kidole. Mwalimu mmoja wa kizungu aliyekuwa akifundisha upande wa Mukumu alimwachia Griffin siku alipofunga virago kurudi kwao, Griffin akiwa darasa la tatu. Kijana aliipanda mpaka magoti yakawa yanagonga usukani. Baadaye magurudumu yakaenda, pedeli zikaenda, ikabaki fremu. Wakati wa matanga nyumba ilipofanyiwa nafasi ya waombolezaji, mtu aliipeleka kwa Kimutai, mchomeaji vyuma wa hapo jirani na rafiki wa Osundwa wa miaka ishirini, ikatundikwa ukutani huko, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuichukua.

Ni Mitchel aliyeitaka. Siku ya Krismasi, sahani ya ingokho, yaani kuku, ikiwa mapajani, alimuuliza babu yake, "Kuka, ile baiskeli ya Baba nitaipanda lini?"

Osundwa alimwambia shule zikifungwa mwezi wa nne ataitengeneza, na zikifunguliwa ataipanda mwenyewe mpaka Bukura, ambako mama yake ni mpishi chuoni na yeye husoma shule ya hapo karibu. Alisema kwa sauti ya kawaida, akaendelea kula. Lakini moyoni alishika jambo hilo kama mtu anayeshika kamba ndani ya kisima. Griffin mwenyewe hakuwa na la kumfanyia tena. Kilichokuwa kimebaki cha Griffin chenye uwezo wa kutembea tena ardhini ni hiyo fremu, na Osundwa aliapa kwamba itatembea.

Kabla sijafika huko, kuna jambo la Maurine mnapaswa kulijua. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni. Hampi kitu mkononi. Akileta chai anaiweka kwenye kigoda, anaondoka, ndipo mzee ananyoosha mkono. Likitokea la kuambiana zaidi ya salamu ya mzee, mtoto anatumwa, hata kama wote watatu wako ua mmoja na kila mtu anasikia. Vijana wa mjini siku hizi wanalicheka jambo hili, wengine wanapigana picha na baba wakwe zao wamekumbatiana, haya, ni ulimwengu wao. Maurine alilelewa na nyanya yake huko Musanda, na nyanya huyo hakuwa na mchezo. Miaka kumi aliyokaa katika boma la Osundwa, alikuwa hajawahi kuyakutanisha macho yake na ya mzee, na mzee alimheshimu sana kwa hilo.

Basi mwezi wa nne ukaingia, mvua ikaja na shule zikafungwa. Osundwa akaenda kwa Kimutai, akaishusha fremu mwenyewe, akaipangusa kwa shati lake kuukuu. Alipata magurudumu madogo ya mtumba, akapata kranki, ile mikono inayoshika pedeli, kwenye baiskeli iliyogongwa. Gia za zamani zilikuwa zimeliwa, na ule mtambo wa kubadilishia ulikuwa umevunjika, kwa hiyo akaamua mbele kuwe na gia moja na nyuma moja. Mtoto hahitaji gia ishirini, alimwambia Kimutai, anahitaji mbili zinazotazamana. Na hapo alisema kweli tupu. Kwenye baiskeli ya namna hiyo, gia ya mbele ikitokeza nje zaidi ya ya nyuma hata kwa unene wa ukucha, cheni inakwenda mshazari. Kwenye tambarare utaiona inakubali tu. Mtoto akifika mlimani akasimama juu ya pedeli akasukuma kwa nguvu zake zote, hapo inaruka.

Alipomaliza kufunga alipiga magoti nyuma ya baiskeli, kama kawaida yake, akafumba jicho la kushoto. Cheni ilikuwa na tumbo.

Ilianza vizuri kwenye gia ya nyuma, ikamaliza vizuri kwenye gia ya mbele, lakini katikati ilichepuka, kama mstari wa mtoto wa darasa la kwanza aliyegongwa kiwiko na mwenzake. Osundwa aliguna. Akatoa gia ya mbele, akaweka washa moja kati yake na kranki. Akatazama tena. Tumbo lilikuwepo. Akaweka ya pili. Akabadilisha ile ekseli inayobeba kranki, akatia ndefu zaidi. Siku tatu alikaa na kibaiskeli kile, wateja wakingoja, mpaka wengine wakaenda kwa mafundi wa uzi. Siku ya nne alipiga magoti, akatazama, na cheni ikaonekana imenyooka. Alifurahi hata akaimba. Chai iliyokuwa kwenye kigoda aliigonga ikamwagika, akasema vikombe vya siku hizi vinatengenezwa vibaya, havina kitako.

Mitchel aliipanda asubuhi ya Jumamosi, Osundwa akimsindikiza kwa miguu. Aliteremka mpaka kwenye daraja la kijito, akazunguka, akaanza kupanda. Osundwa alisimama juu akimngojea. Aliona kitu chekundu kikija, na juu yake kitu cha samawati, yaani sweta, na kwa muda kidogo akawa yuko mwaka mwingine, na anayekuja ni mwingine. Kisha ikasikika sauti ya cheni ikiruka. Pedeli zikakosa uzito, mguu wa mtoto ukazama, na Mitchel akaenda mbele juu ya usukani, kidevu kikapiga murramu ya barabara.

Jino la mbele lilivunjika nusu. Na halikuwa la utotoni, maana hayo yalikuwa yameshang'oka. Lilikuwa la kukaa nalo mpaka uzeeni. Damu ilimchafua sweta mpaka kifuani. Osundwa alimbeba mgongoni kumrudisha nyumbani na mtoto hakulia, ila alisema shingoni mwa babu yake, kwa ule mdomo uliovimba, "Si makosa yako, Kuka."

Afadhali angemtukana.

Kimutai alisikia, akaja jioni ile ile, jua likiwa bado liko. Alimpa Mitchel pole, akachuchumaa kando ya baiskeli, akatoa rula yake ya chuma mfuko wa nyuma. Aliilaza kwenye gia ya mbele, akaona ncha yake inakokwenda kule nyuma. Akahesabu washa. Akauliza polepole ni nani aliyeziweka zote hizo, kwa sababu fremu haina neno na gia ya nyuma haina neno, ni ya mbele iliyosukumwa nje mno. Zikitolewa washa tatu na irudishwe ekseli ya kwanza, kazi imekwisha.

Unajua jinsi mtu aliyeumia anavyotafuta mwingine wa kumwumiza. Osundwa alikuwa ametumia siku nzima akimtazama mjukuu wake akinywa uji kwa upande mmoja wa mdomo. Akasema hizo washa ameziweka yeye, kwa jicho lake, na jicho lake halijadanganya tangu Kimutai akiwa anafunga chupi kwa kamba. Akasema kama kuna kitu kimepinda ni fremu, na fremu ilikaa kwa nani miaka miwili? Ilikaa kwa nani, chini ya mabati na vyuma vya watu?

"Ilikaa ukutani, peke yake," Kimutai alisema. "Osundwa, msalaba wa Griffin nimeuchomea kwa mikono yangu na sikukuambia bei. Nitaichezea fremu yake?"

"Hata huo msalaba umepinda," Osundwa akasema. "Kila nikienda kaburini nauona. Ninanyamaza tu."

 Kimutai akapangusa rula yake kwenye paja, akairudisha mfukoni, akasimama, akapita langoni bila kuaga. Rafiki wa miaka ishirini. Osundwa aliona mgongo wake ukitoweka na akajiambia kwamba ukweli unauma.

Kesho yake, baada ya ibada, Mitchel alikuja pale babu yake alipokuwa ameketi na baiskeli, akanyoosha mkono. Mkononi mlikuwa na kidonge cha uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia.

"Mama amesema nikupe."

"Wa nini?"

"Hakusema. Amesema tu nikupe."

Osundwa aliuchukua na masikio yakamwaka moto. Hata ndani ya boma lake? Hata mke wa mwana, asiyetofautisha spana na kijiko, anamletea uzi yeye Jicho? Alitazama upande wa jikoni. Maurine alikuwa ameupa mlango mgongo, anapepeta kitu. Lakini kumsema mke wa mwana ni aibu kwa anayesema. Aliutia uzi ndani ya mfuko wa koti akaufukia na leso.

Ndipo akatafuta bomba.

Hapa nataka mwelewe kwamba mtu huyu hakuwa mjinga. Zile baiskeli nyeusi nzito za zamani, fremu ikipinda, unaweza kuinyoosha kwa bomba la chuma na ubao, polepole, na itakutii. Alumini haitii. Alumini unaivuta, inakunyamazia, unaivuta, inakunyamazia, halafu inakatika. Osundwa alijua. Alikuwa amewaambia hivyo vijana wote waliopita mikononi mwake, tena kwa makelele. Lakini alikuwa ameona mpindo kwa jicho lake mwenyewe, na mtoto alikuwa na jino nusu, na shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ijayo. Akajiambia atavuta kidogo tu.

Aliifunga fremu kwenye mguu wa meza ya kazi. Alizitoa washa zote, akarudisha ekseli ya kwanza, ili aanze upya. Akatumbukiza bomba mahali gurudumu la nyuma linaposhikwa, akavuta. Akapiga magoti, akatazama kando ya cheni. Tumbo. Akavuta tena, kidogo zaidi. Akatazama. Tumbo lile lile, mahali pale pale, kama linamdharau. Akakanyaga ubao, akavuta kwa mgongo.

Haikupiga kelele. Ilisema ta, kama bua kavu la mahindi ukilikanyaga.

Ufa ulikuwa pale ule mkono wa nyuma unapoungana na bomba la kiti. Ukucha uliingia ndani yake. Osundwa aliupapasa kwa kidole gumba, akaupapasa tena, huku akijua vizuri kwamba mashine ya kuchomea ya Kimutai inaiyeyusha alumini mpaka idondoke, na kwamba hata ingeshika, yeye asingethubutu kumpandisha mtoto juu ya kiungo kama hicho. Ile fremu iliyokuwa imembeba Griffin miaka mitano bila kulalamika ilikuwa imekufa mikononi mwake katika muda wa kunywa chai.

Alikaa chini. Hakulia bado. Alitaka kwanza kitu kimoja, na ninamwelewa kabisa: alitaka fremu iwe ilikuwa imepinda kweli. Ingekuwa imepinda, basi ufa ulikuwa wa Kimutai, au wa Mungu, au wa trela la miwa, lakini si wake. Alitaka ushahidi wa kumpelekea Kimutai ambao hata Kimutai angekubali. Na ushahidi ambao Kimutai angeukubali ulikuwa mfukoni mwake.

Aliutoa uzi. Miaka thelathini alikuwa hajaushika kwa kazi hii. Aliamua kuujaribu kwanza bila baiskeli, aone unavyofungwa, ili asichekwe. Akafunga ncha moja kwenye msumari wa nguzo ya kibanda, akafunga ya pili kwenye msumari wa mlango, akauvuta mpaka ukalia alipougusa kwa kidole. Akapiga magoti kwenye ncha moja, akafumba jicho la kushoto.

Uzi ulikuwa na tumbo.

Alidhani umelegea. Akaukaza mpaka ukamkata kidole. Akatazama. Ulichepuka katikati vile vile, kwa kiasi kile kile, upande ule ule aliouona kwenye cheni. Akasogeza kichwa kidogo kushoto, na tumbo likasogea naye. Akasogeza kulia, likamfuata. Likawa linamfuata kila anakotazama.

Alibaki amepiga magoti.  Kisha, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba asichotaka kukiona, akafumba jicho la kulia akafungua la kushoto, lile ambalo maisha yake yote ya kazi alikuwa akilifumba, asijue lina nini. Aliona mwanzo wa uzi. Aliona mwisho wake. Katikati hapakuwa na uzi, wala nguzo, wala chochote. Palikuwa na doa la moshi.

Alimwita Mitchel. Mtoto alikuja, akaona kwanza ufa kwenye fremu, akaweka mkono mdomoni.

"Mitchel. Huu uzi umenyooka?"

"Umenyooka, Kuka."

"Angalia vizuri."

Mtoto aliinama, akafumba jicho moja kama alivyomwona babu yake akifanya kila siku. "Umenyooka."

"Na msalaba wa baba yako. Umesimama vipi?"

"Umesimama sawa."

Osundwa aliugusa uzi kwa kidole. Likabaki la mwisho. "Na baiskeli, siku ya kwanza, kabla sijaweka washa. Cheni ilikuwaje?"

Mitchel alitazama miguu yake. Alikuwa ameshalelewa vizuri, huwezi kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Machozi yakamjaa. "Ilikuwa sawa," alisema.

Kwa hiyo hayo ndiyo yalikuwa. Cheni ilinyooka tangu asubuhi ya kwanza, na yeye aliipinda siku tatu mpaka ikalingana na upofu wake. Jino alilivunja yeye. Fremu aliivunja yeye. Rafiki wa miaka ishirini, aliyemchomea mwanawe msalaba bila kumtajia bei, alimwambia umepinda, na msalaba uko kule chini ya mvua umesimama sawa. Osundwa aliweka paji la uso kwenye nguzo ya kibanda na sasa akalia, na mtoto akasimama hapo asijue afanye nini na mikono yake.

Alipoweza kusema tena, alimkumbuka mwenye uzi.

"Nenda kamuulize mama yako. Alijua tangu lini?"

Kutoka kibandani mpaka jikoni ni hatua kumi na tano. Maurine alikuwa amesikia kila kitu. Hata hivyo mtoto alikwenda, akauliza, akajibiwa, akarudi, kama inavyopasa.

"Anasema tangu Krismasi. Anasema ulimsalimia, ukamuuliza habari ya kazi, na hakuwa yeye. Lilikuwa gauni lake kwenye kamba ya nguo."

Osundwa alilikumbuka lile gauni. Alikumbuka kwamba halikumjibu, na kwamba alilisifu moyoni kwa adabu.

"Na chai," Mitchel akaongeza. "Anasema unamwaganga chai kando ya kikombe, halafu anakuja kupangusa ukishaondoka."

"Muulize kwa nini hakusema."

Mtoto alikwenda. Safari hii alikawia. Aliporudi alikuwa anatembea polepole. "Anasema, angesemaje?"

Na kweli, angesemaje? Angeanza na neno gani, mwanamke asiyeruhusiwa kuyatazama macho ya mtu, kumwambia mtu huyo kwamba macho yake yanakufa? Angemtuma mtoto wa miaka tisa na ujumbe kama huo? Alikaa nao tangu Krismasi, akapangusa chai, akaomba kanisani, na mtoto wake alipovunjika jino akafanya lile moja aliloliweza. Alituma uzi. Na Osundwa aliufukia mfukoni chini ya leso.

Jua lilikuwa linaelekea miti ya mikalitusi. Osundwa aliifungua fremu kutoka kwenye mguu wa meza, akaipangusa kwa lile shati kuukuu, kila bomba, akitoa tope la kijito na damu iliyokuwa imekauka kwenye usukani. Alitaka kuitundika kwenye ukuta wa nyumba, chini ya paa, mahali ilipokaa enzi za Griffin, penye msumari mkubwa. Aliinyanyua kuelekea msumari akaukosa. Akanyanyua tena, bomba likakwaruza ukuta, akaukosa. Msumari ulikuwa mahali pale ambapo, akipatazama, hapapo.

Akasikia miguu nyuma yake. Alidhani ni Mitchel. Kisha mikono miwili mikubwa, yenye harufu ya sabuni na vitunguu, ikaja juu ya mikono yake, ikaichukua fremu kutoka kwake, mkono kwa mkono, bila kigoda, ikaitundika kwenye msumari mara moja.

Osundwa alirudi nyuma hatua moja. Maurine hakuondoka. Alisimama mbele yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama miaka yote kumi, na akainua kichwa.

"Baba," alisema, na hakumtuma mtoto. "Nitazame. Unaniona?"

Alimtazama. Alitafuta kwa nguvu zake zote. Aliona kitambaa cha njano kilivyofungwa, akaona hereni moja, akaona mabega na gauni lile lile la kwenye kamba. Hapo pa uso palikuwa pamevutika na kufifia, hapana macho, hapana mdomo, kama mtu aliyepitisha kiganja juu ya mchoro wa makaa.

"Naona kitambaa," alisema.

Kisha akageuza uso pembeni, kuelekea ukuta na ile fremu nyekundu, maana alikuwa amegundua kwamba akiangalia kitu kingine ndipo cha kando kinamjia vizuri zaidi. Hapo, kwenye pembe ya jicho lake, alimwona mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza, na alikuwa analia.